Ndege Aliowaona Tuse

Oxon Hill, Maryland
Jumapili, 4 Januari 2026

Mama,

Shikamoo. Naomba unisamehe kwa kuchelewa. Barua yako niliipata tangu mwezi wa kumi na moja, shemeji Zefania alipoipiga picha na kunitumia, na mpaka leo nilikuwa sijajibu. Si kwamba sikuisoma. Nimeisoma mpaka Gwakisa akaniuliza natafuta nini humo ndani. Nikishika kalamu, Eliudi anaamka. Akilala, shifti ya kule hotelini inanisubiri, na nikirudi nguo ziko palepale. Lakini nisikudanganye, mama. Kubwa ni kwamba sikujua nitakujibu vipi bila kukuudhi.

Hali yako ikoje hapo Tukuyu? Zefania alisema mguu umekusumbua tena kwa ajili ya mvua hizi. Mkewe anakukanda, au unamkatalia kama kawaida? Sisi tunaendelea. Baridi imekaza, madimbwi ya nje yameganda mpaka mtu anaweza kusimama juu yake. Eliudi ameota meno mawili ya chini na anauma kila kitu, mimi nikiwemo. Mwanao Gwakisa mzima, ila lori halimpi nafasi. Akija nyumbani analala, akiamka anaondoka.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Uliandika kwamba shemeji Christopher akija nyumbani mwezi wa pili aje na Tuse, akae kwako mpaka amalize darasa la pili, kwa sababu kwenu mtoto wa kwanza hukulia mkononi mwa bibi yake, na kwa sababu huku shuleni wameanza kumwona kama mgonjwa. Ukasema kitanda chake umeshanunua. Mama, nakushukuru kwa kitanda. Nakushukuru kwa kumpenda mtoto tuliyempa jina lako. Lakini jibu langu ni hapana. Tuse haji.

Ya shuleni ni kweli, siyafichi. Mwalimu wake wa chekechea anasema Tuse hamtazami mtu usoni. Watoto wakimpungia mkono anawapita kama miti. Akiambiwa aandike cha ubaoni anakaa tu. Wanataka apimwe akili. Mimi mwenyewe naogopa, lakini mtoto mwenye shida ndiye hasa wa kukaa karibu na mama yake.

Jumapili iliyopita shemeji Christopher alikuja kutoka Columbia Heights, akaomba pasipoti ya Tuse ili akate tiketi. Nikamwambia sijui ilipo. Iko kabatini chini ya mashuka, na ninajua iko hapo. Sipendi kumdanganya mkubwa wangu, ndiyo maana nimeona heri nikwambie wewe ukweli.

Usinikasirikie sana.

Mkweo,
Mama Tuse


Tukuyu
11 Januari 2026

Mkwe wangu Dorothea,

Marahaba. Barua nimeipata. Zefania alinisomea, nikaona anaruka sehemu, nikamnyang'anya simu nikasoma mwenyewe. Herufi zako ni ndogo. Andika kubwa.

Mimi sijambo. Mguu ni mguu. Mvua haikatiki, viazi vimeanza kuoza shambani, migomba miwili imeangushwa na upepo. Huyo Eliudi mpe mfupa wa kuku aume, akuache wewe.

Umeniambia hapana. Nimeisikia. Sasa nisikilize na mimi.

Huyo mwalimu anasema wajina wangu ana ugonjwa kwa sababu hamtazami mtu usoni. Anataka mtoto wa miaka mitano amkodolee macho mtu mzima kama askari anayehoji mtu? Nikiongea naye kwenye simu anapiga goti, anainamisha kichwa, ananiamkia kwa sauti nzuri, wala hainui macho. Nawaonyesha majirani. Nawaambia, tazameni, amezaliwa Amerika na ana adabu kuwashinda hawa wa kwenu. Huyo si mgonjwa, huyo amelelewa, na sifa hiyo nakupa wewe. Kwa nini basi umwache kwa watu wanaoiita adabu ugonjwa? Wakishamwandika kwenye makaratasi yao hawatamfuta.

Hapa atakuwa na mimi, na kuku, na watoto wa Zefania. Asiyeongea haraka ataongea polepole, hakuna anayemkimbiza.

Gwakisa nimezungumza naye. Amekubali. Mume amekubali, shemeji yako yuko tayari, mimi nipo. Hiyo hapana yako sijui utaisimamisha wapi. Pasipoti itafute.

Salamu nyingi kwa wajukuu.

Mama yako,
Bibi Tusekile


Oxon Hill
Jumanne, 20 Januari 2026

Mama,

Shikamoo. Pole na migomba na viazi. Nimeandika kubwa, utaniambia kama inatosha. Barua yako ya tarehe kumi na moja bado sijaijibu, na hii siyo jibu lake. Hii ni habari. Kaa kwanza.

Jana ilikuwa sikukuu huku, shule zimefungwa. Kwenye fleti ya chini yetu anakaa Mkenya mmoja, Kimani, dereva wa basi, mtu mzima wa makamo, na starehe yake ni kutazama ndege. Usicheke. Watu wa huku hufanya hivyo, wananunua darubini na kuamka alfajiri kwa ajili ya ndege ambaye hata hawamli. Anasema wakati wa baridi ndege wa kaskazini kabisa, kule kwenye barafu, hushuka mpaka kwenye ghuba yetu hapa. Akasema atatupeleka na gari lake, mimi na watoto na Fatma. Fatma ni mama wa Kimombasa wa ghorofa ya juu, ndiye anayenishikia Eliudi nikienda kazini. Gwakisa alikuwa Ohio na lori.

Mimi nilitaka kulala, mama. Lakini tangu barua yako nilikuwa siwezi kukaa ndani na Tuse. Nikimtazama naona tiketi.

Ni zaidi ya saa moja kwa gari. Kuna majabali marefu ya udongo yanayotazama maji, na juu yake njia ya miguu yenye uzio wa mbao. Upepo wa pale sijawahi kuuona. Unatoka majini moja kwa moja na kuingia kwenye meno. Nilimfunga Eliudi mgongoni kwa kitenge, nikavaa koti la Gwakisa juu yetu wote wawili, nikawa kama gunia la viazi linalotembea. Tuse nimemshika mkono. Fatma kavaa baibui juu ya jaketi mbili, na baibui lilikuwa linataka kwenda zake.

"Kimani," Fatma akasema, "umetutoa kitandani tuje kutazama bata? Bata si tele pale National Harbor, wanaoninyang'anya mkate?"

"Hawa si wa mkate, mama. Hawa wametoka kwa barafu, wakakimbia baridi wakakuja huku."

"Basi wana akili kutushinda. Wao wameikimbia baridi, sisi tumeifuata."

"Wewe Fatma ungekuwa ndege ungekuwa kunguru. Maneno tu."

"Na wewe bundi, na hiyo miwani yako."

Tulienda hivyo, wanabishana mbele, mimi nyuma na mizigo yangu. Njia ilipokata kona tukawasikia kabla ya kuwaona. Chini kwenye maji kulikuwa na batamaji wengi sana, wale wakubwa weupe wenye shingo ndefu, wamejaa kama nguo zilizoanikwa. Sauti zao zilipanda na upepo, utadhani watu wanabishana bei sokoni, ukiwa wewe bado uko mbali na soko. Tuse akasimama.

"Nani wanaongea?" akauliza. Yeye alisema kwa Kiingereza chake, nakuandikia kwa Kiswahili.

Nikamwambia ni ndege, wale pale.

"Wapi?"

Nikanyoosha kidole. Akatazama viatu vyangu. Palikuwa na watoto wengine wawili na wazazi wao, wanarukaruka wanaonyeshana, huyu anasema wewe tazama yule, huyu anasema tazama yule mwingine. Tuse akainamisha kichwa, vilevile anavyofanya akiongea na wewe.

"Ana haya huyu, mashaallah," Fatma akasema.

Nami nikajibu ninavyojibu siku zote. "Ndivyo tulivyomfundisha. Bibi yake anapenda."

Kimani akachuchumaa akamvalisha darubini shingoni. "Msichana, shika hapa na hapa. Hii gurudumu ya katikati unazungusha polepole mpaka wakuje."

Tuse akazungusha. Akazungusha tena. Mimi nilikuwa nimejipinda namfuta Eliudi kamasi kwa juu ya bega, sikuwa namtazama. Nikageuka. Mdomo wake umeachama.

"Mama, wana midomo myeusi," akasema. "Yule amelala, kichwa ameweka mgongoni. Kuna wa kijivu. Huyo ni mtoto. Mama, anamfuata mama yake."

Mtoto huyu tangu azaliwe sijamsikia akisema maneno mengi hivyo juu ya kitu ambacho hakiko mkononi mwake.

Kimani akaichukua darubini aone alichokiona mwenzake. "Ai. Umeniharibia, hapa ni ukungu mtupu." Akarudisha lile gurudumu mpaka akaona, akampa tena. Tuse akaweka machoni, akasema ndege wamepotea, akazungusha, akawapata. Kimani akaichukua, ukungu. Wakafanya hivyo tena.

"Mtoto anachezea kitu cha watu," Fatma akasema. "Mnyang'anye kabla hajakivunja."

Nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumkaripia. Kimani akanizuia.

"Ngoja, Mama Tuse. Ngoja kidogo."

Akavua miwani yake, ile ya bundi, akaitia mfukoni. Akaichukua darubini vile Tuse alivyoiacha, hakugusa chochote, akatazama majini.

"Naona," akasema. "Na miwani ni ukungu, bila miwani naona kila manyoya. Mama Tuse, huyu msichana alipimwa macho lini?"

Nikamwambia alipimwa, sijui, hakupimwa. Kichwa changu hakikuwa pale.

"Basi huyu haoni mbali. Ana macho kama yangu. Ama yangu yana nafuu."

Nikamwacha Tuse na Fatma, nikarudi nyuma hatua chache, nikainua mkono. Nikamwuliza vidole vingapi. Akainama. Nikamwambia hapana Tuse, usiiname, nitazame mama. Akanyanyua kichwa. Alinitazama, lakini si machoni, alinitazama hapa na pale kama mtu anayetafuta mlango gizani.

"Naona koti," akasema.

Mama, nililia. Fatma akasema ni upepo huo, akanipa ncha ya mtandio wake nijifute, na Eliudi naye akaanza kulia kwa kuniunga mkono. Wale watu wenye watoto wakatuuliza kama tunahitaji msaada.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nayapanga. Ubao wa mwalimu. Watoto wanaompungia mkono. Kliniki, alipokuwa na miaka minne, walimwonyesha picha za ukutani, akainamisha kichwa, nesi akasema mtoto hataki kushirikiana, turudi siku nyingine. Nami nikajisifu moyoni kwamba mtoto wangu hamkodolei macho mtu mzima. Siku nyingine haikufika, nilikuwa na mimba ya Eliudi natapika.

Hakuwa anainama kwa adabu peke yake, mama. Huko chini, kwenye viatu na mikono yake, ndiko anakoona.

Gwakisa nimempigia. Akasema, "Tiketi isikatwe kwanza." Yeye amesema "kwanza". Mimi nasema "kabisa". Ijumaa tunaenda kwa daktari wa macho. Tuombee.

Mkweo,
Mama Tuse


Oxon Hill
3 Februari 2026

Mama,

Shikamoo. Ni wiki mbili sasa sijapata neno kutoka kwako. Zefania ananiambia umesoma, umemrudishia simu, umeenda zako shambani. Simlaumu mtu. Natumaini mguu umetulia.

Tulienda kwa daktari, na jana miwani imetoka. Daktari ni dada mmoja mpole, alimweka Tuse kwenye kiti, akamvalisha fremu nzito ya chuma na kumbadilishia vioo kimoja kimoja. Akaniambia dunia ya mtoto huyu ilikuwa inaishia kwenye kiwiko chake. Mbele ya hapo ni rangi tu. Nikamwuliza swali nililokuwa naliogopa, kama akili yake ina kasoro. Akacheka kidogo. Akasema mtoto aliyeweza kukaa darasani miezi mitano bila kuona, akawajua wenzake wote kwa sauti na kwa viatu, akili anayo ya kugawia wengine. Macho yatapimwa kila mwaka. Basi. Hakuna kingine.

Tumetoka dukani na miwani yake myekundu, amechagua mwenyewe, imemkaa kama ya karani wa kanisa. Akasimama kwenye maegesho hataki kuingia garini. Miti yote huku haina majani sasa. Akasema, "Mama, kumbe ina vijiti vidogo mpaka juu." Gwakisa alikuwepo. Alijifanya anatafuta ufunguo.

Mwalimu nimemweleza. Yale mengine ya kumpima akili wameyasimamisha, wanasema tumpe muda aone kwanza.

Mama, Christopher anasafiri tarehe kumi na nne. Anakuja peke yake. Hilo tumelimaliza mimi na mwanao, na Gwakisa mwenyewe ndiye aliyemwambia kaka yake. Si kwa kukudharau. Wewe ulitaka kumwokoa mtoto na mimi nilitaka hivyo hivyo, ila mimi siwezi kumwokoa akiwa mbali nami.

Kimya chako kinanitisha kuliko maneno yako. Jumamosi tutapiga simu ya video. Siku zote tulikuwa tunaiweka simu kule juu ya rafu ili sote tuenee, na yeye anapiga goti chini. Safari hii ataishika mwenyewe, na atakuamkia akikutazama. Usimwone amekosa adabu. Nimemwambia mimi. Kama ni kosa, liwe langu.

Mkweo,
Mama Tuse


Tukuyu
9 Februari 2026

Mwanangu Dorothea,

Marahaba. Sisi wazima. Mguu umepona wenyewe, usimwambie mke wa Zefania, anadhani ni dawa yake.

Siku za mwanzo nilikuwa na hasira, sitakuficha. Mkwe kuniambia "kabisa"! Lakini hasira iliisha mapema, zilizobaki nilikuwa natafuta neno la kukuandikia na sikulipata. Nikaenda shambani, nikarudi, sikulipata. Nikasema nitaongea siku ya simu.

Siku ya simu uliona mwenyewe nilivyoongea.

Nilikuwa nimevaa kile kitambaa kizuri. Nikakaa kwenye kigoda, Zefania kanishikia simu. Wajina wangu akatokea na hiyo miwani, uso umejaa kioo kizima, akaniamkia. Nikaitika. Akawa ananitazama tu. Nikasubiri ainame, haikuwa. Nilitaka kusema, we mtoto. Ndipo akasema, "Bibi, una mwanya." Zefania akaangua kicheko mpaka simu ikatikisika. Mimi nikasema nakwenda kutazama kuku. Sikwenda kutazama kuku. Nilisimama nyuma ya jiko.

Miaka yote ananiamkia vizuri hivyo, na alikuwa hajui anamwamkia nani.

Nilipotulia nikarudi, akaniambia tena kwamba jicho langu moja ni dogo. Hilo angeliacha.

Sasa sikiliza. Hapana yako nimeipokea. Siipendi, lakini nimeipokea. Shule zikifungwa mwezi wa sita umlete wewe mwenyewe, umrudishe wewe mwenyewe, na huyo muuma watu uje naye. Kitanda nimempa mtoto wa Zefania. Alikuwa ameshaanza kukilalia tangu Krismasi, walidhani sijui. Na kuniamkia, aniamkie akinitazama. Goti apige, hilo sitaliachia, lakini macho ayanyanyue. Nimewaambia na watu wa hapa.

Jana jirani alikuja na wajukuu zake. Wakapiga magoti, wakainamisha vichwa, wazuri kweli. Nikawashika kidevu mmoja mmoja, nikasimama kule mlangoni, nikawaambia nihesabieni vidole. Wote wanaona. Leo wakiniona njiani wanakimbia.

Yule Mkenya wa ndege mpe salamu zangu. Mwambie bibi wa Tukuyu amesema Mungu amlindie macho yake yaliyobaki. Na Fatma pia, maana anaonekana ana mdomo kama wangu.

Christopher atarudi huko mwezi wa tatu na begi lake kubwa halina kitu. Niambie unataka nini. Usiandike "chochote tu mama." Chochote sijui kinauzwa duka gani.

Mama yako,
Bibi Tusekile


Oxon Hill
Jumapili, 1 Machi 2026

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nilimsomea Gwakisa kwa sauti, akicheka, na nilipofika pale nyuma ya jiko hakucheka tena. Tunafurahi kusikia mguu umepona. Hatutasema kwa nani.

Nimelala, mama. Hilo ndilo nataka ujue kwanza. Tangu barua yako ifike nalala usingizi wa mtu, Eliudi akiniamsha naamka, akinyamaza nalala tena, sibaki nimekodoa macho napanga maneno ya kumwambia mtu. Pasipoti nimeitoa chini ya mashuka, nimeiweka kwenye droo ya juu pamoja na za wengine.

Tuse shuleni anaongea. Mwalimu ananiambia sasa shida ni kumnyamazisha. Siku ya kwanza na miwani alizunguka darasa zima akiwatazama wenzake mmoja mmoja kwa karibu, mpaka mtoto mmoja akalalamika. Alikuwa anaunganisha sauti na sura. Na Tuse amemwambia mwalimu kwamba ana madoa usoni. Nimeomba radhi.

Jumamosi iliyopita tulirudi kule kwenye majabali, safari hii na Gwakisa. Upepo ulikuwa ule ule, Fatma alikuwa yule yule. Batamaji wamepungua, Kimani anasema wameanza kurudi kwao kaskazini. Tuse hakuitaka darubini. Alisimama kwenye uzio, mikono mfukoni, akatazama juu, akasema, "Yule mkubwa ana kichwa cheupe." Sote tukatafuta. Kimani akatafuta na darubini yake. Baadaye ndipo tukamwona, tai, juu kabisa ya mti mkavu ukingoni. "Huyu ameniwahi," Kimani akasema, "na mimi ndiye mwenye kazi." Gwakisa akamnyanyua mtoto begani, akaniambia kwa chini, "Ulikuwa sahihi." Nilimwacha aseme mara ya pili.

Mwezi wa sita tutakuja, wote wanne. Nimeomba likizo, na bosi amekubali kwa maandishi.

Kuhusu begi la shemeji. Yale tuliyosema kwenye simu najua umeshampa. Yaliyobaki ni haya. Unga wa ulezi kilo tatu, usagwe usiwe laini sana, Eliudi ameanza uji na wa dukani huku anautema. Majani ya chai pakiti nne, mbili zangu, moja ya Kimani, moja ya Fatma, uandike majina juu maana watagombana. Kitenge kimoja kizito cha kubebea mtoto, hiki changu kimechanika pale penye fundo. Kofia mbili za sufu za kuziba masikio, ya Tuse uifume kwa kulegeza pembeni, miwani ipate pa kupita. Parachichi usitume, watazichukua uwanja wa ndege na shemeji atanuna. Halafu picha, za karatasi, si za kwenye simu. Tuse anataka kuwajua watu wa kwao. Ya Zefania, ya mkewe, za watoto wao wote, na ya yule jirani na wajukuu zake kama bado hawajakukimbia. Kila mtu apigwe peke yake, nje kwenye mwanga, akitazama mbele. Zako ziwe mbili, zenye ukubwa wa daftari. Moja ya kutundika juu ya kitanda chake, na moja ya kupeleka shuleni.

Mkweo,
Mama Tuse